Minyoo "kwenye damu": kipimo kinasema nini hasa?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Mwanangu mkubwa ana miaka 7, tumbo linamuuma mara kwa mara na usiku anasaga meno. Nilimpeleka maabara moja ya mtaani, wakamtoboa kidole, wakasema ana minyoo kwenye damu. Nikapima na mimi, wakasema ninayo. Tukameza albendazole nyumba nzima. Baada ya miezi miwili nikarudi kupima damu, majibu yaleyale, kwangu na kwa mtoto. Sasa wanasema minyoo yetu ni sugu, tunahitaji kozi ya sindano. Lakini hospitali ya serikali walipotupima choo hawakuona kitu. Nimwamini nani? Na hicho kipimo cha damu si ndicho cha kisasa zaidi?"

Jibu:

Marahaba mama, na pole kwa mzunguko huo. Nianze na lililo la haraka: hiyo sindano msichome, wewe wala mtoto. Dawa tunazotumia kwa minyoo ya kawaida ya tumbo ni vidonge vya kumeza. Na majibu ya damu kubaki vilevile baada ya miezi miwili hayathibitishi kwamba mna minyoo sugu. Kwa maelezo uliyonipa, kinachoelekea zaidi ni kwamba dawa ilifanya kazi yake, na kipimo ulichorudia hakina uwezo wa kuliona hilo.

Sasa nikueleze kwa nini, maana swali hili naliulizwa mara nyingi, na wengi wanaoniuliza wameshatoa pesa ambayo ingelisha nyumba.

Tukitaka kupima minyoo, jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: mnyoo wenyewe unaishi wapi, na unatoa nini nje? Minyoo mitatu inayowasumbua zaidi watoto wetu ni minyoo mviringo, mjeledi na safura. Ikishakomaa, yote hukaa ndani ya utumbo. Jike mmoja wa mnyoo mviringo anaweza kutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, na mayai hayo hayana njia ya kutokea isipokuwa choo. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara anapochukua punje ya choo, akaichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya slaidi na kuiweka chini ya hadubini, anatafuta ushahidi mahali ulipo. Yai la mviringo analijua kwa ganda lake nene la kahawia lenye vinundu. La mjeledi lina vizibo viwili, kila ncha kimoja. La safura lina ganda jembamba linalopitisha mwanga, na ndani yake unaziona seli chache zilizoanza kugawanyika. Akiliona moja tu kati ya hayo, ubishi umekwisha: mnyoo upo, upo leo, na aina yake inajulikana. Akiyahesabu, anajua hata kama ni mingi au michache. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukupa yote hayo kwa minyoo hii mitatu.

Damu haina mayai hayo. Kwa hiyo kipimo cha damu kinalazimika kutafuta kitu kingine, na hapo ndipo watu wanapochanganywa. Kuna kipimo kinachomtafuta mdudu mwenyewe, kwa ile minyoo michache ambayo watoto wake hupita kwenye damu. Kuna kinachotafuta antijeni, yaani vitu ambavyo mnyoo ulio hai unavimwaga mwilini. Na kuna kinachotafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili wako wewe umezitengeneza baada ya kukutana na mnyoo. Viwili vya mwanzo vinaeleza habari za mnyoo. Cha tatu kinaeleza habari zako, na za zamani zinaweza kuwa humo humo pamoja na za jana.

Kwa ulivyoeleza, kipimo mlichopimwa kinaelekea kuwa cha aina hii ya tatu. Angalia bega lako: ile alama ya chanjo ya kifua kikuu inaonyesha kwamba ulichanjwa, basi. Haisemi chochote kuhusu hali ya mapafu yako leo. Kingamwili za minyoo nyingi zinafanana na alama hiyo. Dawa inaua mnyoo ndani ya siku chache, lakini kingamwili zinabaki kwenye damu miezi mingi, na kwa baadhi ya minyoo zinabaki miaka. Kwa kichocho, kwa mfano, mtu anaweza kupona kabisa na kipimo cha kingamwili kikaendelea kusoma vilevile kwa miaka. Ukipima baada ya miezi miwili ukakuta mstari uleule, hujajua kitu ulichokuwa hujui.

Kuna tatizo la pili, nalo ni kwamba minyoo hii ina undugu. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya mnyoo mmoja zinaweza kushika vipande vya mnyoo mwingine vilivyopakwa kwenye kipimo. Mtu aliyewahi kuwa na mviringo utotoni anaweza kusomeka kana kwamba ana matende. Wewe unaishi huku Pwani, na pengine umetembea peku, umecheza mchangani, umekula maembe bila kuyaosha kama sisi sote. Ningeshangaa kama damu yako ingekuwa haina kumbukumbu yoyote ya minyoo.

Umeuliza kama kipimo cha damu si ndicho cha kisasa zaidi. Hivi vipimo vya kingamwili si vibaya, na baadhi vimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Shida ni nani anapimwa. Mzungu aliyekuja matembezi wiki mbili, akaogelea Ziwa Victoria, akarudi kwao na homa, hajawahi kukutana na kichocho maishani mwake. Kwake kingamwili ni habari mpya kabisa, na kliniki za wasafiri za Ulaya zinazitumia kwa sababu hiyo. Zaidi ya hapo, mgeni wa namna hiyo huwa na minyoo michache, mayai yanaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana, na mwili wake unatangulia kutoa taarifa. Kipimo hichohicho kikiletwa Mbagala kinaanza kutaja karibu kila mtu. Tunaujua mchezo huu kwa kipimo cha Widal: watu wangapi jijini wameambiwa wana taifodi mwaka hadi mwaka kwa sababu ya kingamwili zilizobaki?

Kuna kitu kingine kwenye damu ambacho pengine utaandikiwa, na hiki mimi nakiheshimu zaidi. Ni ile picha kamili ya damu, ambayo maabara nyingi wanaiandika FBP. Ndani yake kuna hesabu ya seli nyeupe zinazoitwa eosinofili. Kwa kawaida hazizidi 500 hivi kwa kila mikrolita ya damu. Zikipanda, hasa zikipanda sana, mojawapo ya mambo tunayoyafikiria ni minyoo. Lakini zingatia ni minyoo inayofanya nini. Eosinofili hupanda zaidi mnyoo unapopenya kwenye nyama za mwili kuliko unapokaa umetulia ndani ya utumbo. Ukimeza yai la mnyoo mviringo, kiluwiluwi hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na kufika mapafuni. Baada ya siku 10 hadi 14 hivi hupanda koromeo, humezwa tena, na ndipo hukomaa tumboni. Katika siku hizo za mapafuni mtoto anaweza kukohoa na kukoroma kifua, eosinofili zikawa juu sana, na choo chake kikawa safi kabisa, kwa kuwa mayai hutokea miezi 2 hadi 3 baada ya kumezwa lile yai la kwanza. Hapo damu imekitangulia choo. Baadaye, mnyoo ukishatulia, mambo yanageuka: choo kimejaa mayai, na eosinofili zinaweza kuwa zimerudi karibu na kawaida.

Kwa hiyo eosinofili zikiwa juu ni sababu ya kutafuta zaidi, na zikiwa kawaida hazimtoi mtu kwenye orodha. Tena zinapandishwa na mambo mengine mengi: pumu, mafua ya mzio, ukurutu wa ngozi, na hata baadhi ya dawa. Nina wasiwasi na wanaompa mtoto wa pumu dawa ya minyoo kila mwezi kwa sababu ya namba hiyo, huku pumu yenyewe haitibiwi.

Kwenye karatasi hiyohiyo kuna hemoglobini, na kwa safura naomba usiiruke. Safura hunyonya damu kwenye ukuta wa utumbo, mmoja mmoja kiasi kidogo sana, kuanzia mililita 0.03 kwa siku kwa aina moja hadi 0.2 hivi kwa aina nyingine. Piga hesabu kwa minyoo 100 au 200 kwenye utumbo wa mtoto asiyepata nyama wala dagaa wa kutosha. Kwa mtoto wa miaka 7, hemoglobini chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu wa damu. Haithibitishi safura, kwa sababu malaria, selimundu na lishe pia vinashusha, lakini inaeleza kama mnyoo, ukiwepo, umeshaanza kumdhuru.

Nisikuache ukidhani damu haina kazi kabisa kwenye minyoo. Ipo minyoo ambayo bila damu huipati, na mmoja ni wa hapahapa Dar es Salaam.

Ni mnyoo wa matende na mabusha. Mikubwa hukaa kwenye mishipa ya limfu, na jike huzaa watoto wadogo sana wasioonekana kwa macho ambao huogelea kwenye damu. Mchana hujificha kwenye mishipa ya mapafuni. Usiku hutoka kwenye damu ya ngozini, wengi zaidi kati ya saa 4 usiku na saa 8 usiku, wakati mbu wa kwenye vyoo vya shimo na mitaro michafu anapouma. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi China, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1870 kwamba mbu hunyonya watoto hao wa mnyoo pamoja na damu. Kwa ugonjwa huu wataalamu wa maabara wamekuwa wakiingia mitaani usiku wa manane, meza barazani, taa ya kichwani, watu wanaamshwa na kutobolewa kidole mmoja mmoja, na tone linasambazwa nene juu ya kioo. Tone hilohilo likichukuliwa saa 4 asubuhi, slaidi inaweza kuwa tupu na mtu amejaa minyoo. Nakwambia haya ujue kwamba hata kipimo kinachomtafuta mdudu mwenyewe kina saa yake, na ukikosea saa umekosea jibu.

Siku hizi kipo kipimo cha haraka cha antijeni ya mnyoo huo, ambacho kinaweza kufanywa saa yoyote, mchana kweupe. Kinashika kile kinachomwagwa na minyoo mikubwa iliyo hai, na hicho ni kipimo cha damu ninachokiamini kwa kazi yake. Ndicho kinachowasaidia wataalamu kujua kama ile kingatiba ya ivermectin na albendazole, iliyoanza kugawiwa Tanzania Bara mwaka 2000 na kulifikia jiji letu baadaye, imepunguza maambukizi. Lakini hata chenyewe kina mwisho. Mwanamume mwenye busha la miaka mingi anaweza kupima akakutwa hana kitu, kwa sababu minyoo ilishakufa ikaacha uharibifu. Huyo haponi kwa vidonge. Anahitaji upasuaji, na hospitali zetu zinaufanya.

Mnyoo wa pili ninaotaka ujue ni mdogo na hauna jina la mtaani. Sisi tunauita strongiloidi. Huu ndio unaonikosesha raha. Unaingia kwa kutoboa ngozi ya mguu, kama safura, lakini una uwezo ambao safura haina: watoto wake wanaweza kukomaa humohumo tumboni na kumwambukiza upya mtu yuleyule. Hivyo mtu anaweza kukaa nao miaka 20, 30 na zaidi, bila kukanyaga udongo tena. Kwenye choo hutoa viluwiluwi vichache, leo vipo, kesho havipo, na slaidi ya kawaida huvikosa mara nyingi. Kwa mtu mwenye kinga nzuri pengine hasikii lolote zaidi ya kuwashwa au tumbo kuvuruga. Akipewa dawa za kushusha kinga, kama prednisoloni au deksamethazoni kwa muda, minyoo hiyo inaweza kufumuka na kusambaa mwili mzima, ikibeba vijidudu vya utumboni hadi kwenye damu na ubongo. Wengi wa wanaofikia hapo hufa.

Kwa mnyoo huu kipimo cha kingamwili kina thamani hata kwetu. Mgonjwa anayetarajia kupandikizwa figo, upasuaji ambao Muhimbili imekuwa ikiufanya tangu 2017, au anayeanza matibabu ya saratani, au atakayemeza steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni) miezi mingi, akikutwa na kingamwili za strongiloidi ni afadhali atibiwe bila kungoja kuona kiluwiluwi. Hatari ya kumwacha ni kubwa kuliko hatari ya kumpa kidonge asichokihitaji. Dawa yake ni ivermectin. Dozi moja ya albendazole haitoshi. Na kwa mnyoo huu kingamwili hushuka polepole baada ya tiba, kwa hiyo tunaweza kurudia kipimo baada ya miezi 6 hadi 12 na kulinganisha viwango. Viwango, lakini, vinavyopimwa kwa Elisa, njia ya maabara inayotoa namba, kwenye maabara kubwa. Mstari kwenye kikaseti cha kipimo cha haraka hauwezi kukuonyesha kushuka. Hapa niseme na jingine kwa kuwa nalijali: wapo dada zetu wanaomeza deksamethazoni za dukani ili wanenepe. Tafadhali mwache. Hatari zake ni nyingi, na hii ni mojawapo.

Yapo mengine ambayo sitayakalia sana. Minyoo ya mbwa inayoitwa toksokara haikomai ndani ya binadamu, haitagi, kwa hiyo choo cha mtu hakitakuonyesha kitu. Anayeshukiwa, hasa mtoto mwenye ini lililovimba au jicho lisiloona vizuri, hupimwa damu. Ule upele unaojichora na kutambaa chini ya ngozi ya mguu baada ya kukaa kwenye mchanga wa ufukweni unatambuliwa kwa macho, hauhitaji maabara.

Tegu wa nguruwe anahitaji sentensi chache zaidi, kwa kuwa kitimoto inaliwa sana mjini hapa. Anayekula nyama yenye tegu isiyoiva vizuri hupata mnyoo tumboni, na huyo anatafutwa chooni. Lakini anayemeza mayai yaliyotoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, hata kama yeye hajawahi kugusa nguruwe, anaweza kupata vifuko vya mabuu kwenye ubongo, na dalili yake kubwa ni kifafa. Huyo hatafutwi chooni. Anapigwa picha ya CT, na kipimo cha damu kinasaidia, ingawa kinaweza kumkosa mwenye kifuko kimoja tu. Ndiyo sababu mtu mwenye degedege au kifafa kisichojulikana chanzo amwambie daktari kabla ya kumeza praziquantel (dawa ya kichocho na tegu) au albendazole. Dawa ikiua vifuko hivyo ghafla, ubongo unaweza kuvimba.

Kichocho nacho ni mnyoo unaoishi kweli ndani ya mishipa ya damu, na hilo huwapa watu wazo kwamba damu ndiyo ipimwe. Hapana, mayai yake yanatoka nje. Kichocho cha ukanda wetu wa Pwani ni cha kibofu, kwa hiyo tunapima mkojo, hasa uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapokuwa mengi, na ni vizuri mtoto arukeruke kidogo kabla ya kukojoa. Kanda ya Ziwa kuna pia kile cha tumbo, kinaonekana chooni, na kwa hicho kipo pia kipimo cha haraka cha antijeni kwenye mkojo.

Kuna "vipimo" ambavyo sivihesabu kabisa. Mashine ya kushika chuma mkononi ikakutajia minyoo, figo na nyota yako, haimuoni mdudu yeyote. Na tone la damu lililowekwa kwenye skrini mchana sokoni, ukaonyeshwa vitu vinavyocheza na kuambiwa ndiyo minyoo yako, mara nyingi unaonyeshwa vumbi, nyuzi za damu inayoganda na seli zako mwenyewe. Wanaofanya hivyo karibu kila mara wana chupa ya dawa ya kukuuzia kwenye meza hiyohiyo.

Turudi kwako na kwa mwanao. Choo chenu hospitali walikipima baada ya kumeza dawa, na kukikuta safi ndivyo tulivyotarajia. Hata hivyo slaidi moja ina udhaifu wake, sikufichi. Kwenye njia ya Kato-Katz, ambayo tafiti nyingi za minyoo huitumia, kinachosomwa ni miligramu 41.7 tu za choo, kiasi kidogo sana. Minyoo ikiwa michache, yai linaweza lisiwe kwenye punje hiyo. Tena kwa njia hiyo mayai ya safura huyeyuka machoni kwa dawa inayong'arisha slaidi, kwa hiyo ni lazima isomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Slaidi ikingoja foleni hadi mchana, safura imepotea.

Kwa hiyo fanya hivi. Peleka choo cha mtoto siku tatu tofauti. Ajisaidie kwenye karatasi au chombo kikavu, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, uchukue kiasi cha ncha ya kidole gumba kwenye kikopo chenye mfuniko, na kifike maabara ndani ya saa moja au mbili. Hospitali ya Temeke au kituo cha afya chenye hadubini na mtu anayeisoma kwa utulivu kinatosha. Waulize kama wanaweza kufanya njia ya kukusanya mayai, ambapo choo huchujwa na kuzungushwa kwenye mashine ili yaliyomo yakae chini. Choo hichohicho kitaonyesha pia giardia na amiba, ambazo huumiza matumbo ya watoto bila kuhusiana na minyoo. Kama baadaye atatumia dawa tena na ukataka kujua imefanya kazi, rudia choo baada ya wiki 2 hadi 3.

Wakiona mjeledi, usishtuke ukasema ni sugu. Dozi moja ya albendazole huondoa mviringo vizuri sana na safura kwa kiasi kizuri, lakini kwa mjeledi ni dhaifu tangu hapo awali. Daktari atakupangia mebendazole ya siku 3 au kuunganisha dawa mbili.

Kusaga meno usiku ni imani kubwa hapa mjini kwamba ni minyoo. Watoto wengi wanasaga meno bila mnyoo hata mmoja, na mimi singemtibu mtoto kwa dalili hiyo peke yake. Ila muulize kama anawashwa sehemu ya haja kubwa usiku. Akikubali, kuna minyoo midogo myeupe ambayo jike hutoka nje usiku na kutaga kwenye ngozi, na mayai yake mara nyingi hayapatikani kwenye choo. Asubuhi kabla hajaoga wala kujisaidia, chukua kipande cha selotepu inayopitisha mwanga, kibandike kwenye ngozi ya hapo kisha kibandue, ukigandishe kwenye slaidi ambayo maabara watakupa. Fanya asubuhi tatu. Ikionekana, nyumba nzima mnameza dawa siku moja na kurudia baada ya wiki 2, shuka zifuliwe na kucha zikatwe.

Mkojo wake upimwe pia, hasa kama huwa anaoga na wenzake kwenye madimbwi au bonde la Mto Kizinga. Na hemoglobini. Vyote hivi vikiwa sawa na tumbo bado linauma, basi tuache minyoo, daktari amshike tumbo na kuuliza habari za choo kigumu, chakula na shule. Maumivu ya tumbo kwa mtoto wa umri huo mara nyingi hayana mdudu ndani yake.

Akianza kutapika mfululizo, tumbo likavimba na kuwa gumu, na choo wala hewa haitoki, usisubiri maabara yoyote. Minyoo mviringo ikiwa mingi huziba utumbo, na hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Ukimpa dawa ya minyoo kila mwaka, au inapogawiwa shuleni kwake, bila kupima kwanza, hujakosea. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo kwa watoto wa maeneo yenye minyoo mingi, kwa kuwa dawa ni salama na bei yake ni ndogo kuliko kipimo. Wewe mwenyewe ukiwa na ujauzito wa miezi mitatu ya mwanzo, usiimeze.

Umesema mlimeza nyumba nzima, lakini umri wa mdogo wake hukuutaja. Kama ametimiza mwaka na hajafika miwili, albendazole yake ni nusu, yaani miligramu 200. Hata akiwa amezidi hapo, maadamu hajafika miaka mitatu, kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji, usimlazimishe kumeza kizima akapaliwa. Chini ya mwaka mmoja, usimpe mpaka daktari amwone.